Mjinga ni Nani? Neno Moja na Gharama Yake kwa Jumuiya Zetu

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mratibu wa elimu ya jamii wa idara yetu kwenye mkutano wa mwaka wa kamati za maendeleo za parokia. Tunaichapisha kwa ukamilifu kwa kuwa wajumbe wengi waliomba kwenda nayo kwenye vigango na jumuiya zao. – Mhariri)



Nimeombwa kuzungumza juu ya utapeli unaowapata waamini wetu. Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Jinsi ya Kujikinga na Matapeli". Njia za kujikinga nitazitaja. Lakini naomba nianze na neno moja, kwa sababu kila tunapofika katika parokia ambako watu wamepoteza fedha kwa ahadi za uongo, tunakuta neno hilo limetutangulia. Neno lenyewe ni mjinga.

Mtu akiibiwa ng'ombe usiku, majirani huitikia yowe na kutoka na tochi na fimbo. Mtu akiibiwa thamani ya ng'ombe huyo huyo mchana, kwa maneno matamu, majirani hucheka. Hasara ni moja. Lakini wa kwanza tunasema ameibiwa, na wa pili tunasema ni mjinga. Leo ningependa tuone kwamba tofauti hiyo ya maneno inamfaidi mtu mmoja tu, naye ni mwizi.

NENO LILIKOTOKA

Wengi wetu tumezoea kulitumia neno mjinga kama tusi. Zamani pwani yetu lilikuwa na maana nyingine pia. Wanaoandika historia ya utumwa wa Zanzibar na mrima wanaeleza kwamba katika karne ya 19 mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga, tofauti na yule aliyezaliwa pale pale kwa bwana wake, ambaye aliitwa mzalia. Mjinga alikuwa mgeni. Hakukijua Kiswahili, hakuzijua desturi za mji, hakujua nani ni nani wala bei ya kitu chochote sokoni.

Tumfikirie mtu huyo. Huenda ametoka upande wa Ziwa Nyasa. Kwao alijua kulima, kuvua, kusuka mitego na kusoma dalili za mvua. Kwao hakuna aliyemwita mjinga. Aliitwa hivyo siku alipofikishwa mahali ambapo ujuzi wake haukuwa na kazi na wengine wote walijua asiyoyajua. Na waliomwita hivyo ndio waliokuwa wakila jasho lake.

Sisi Wakatoliki wa Tanzania tunayo sababu ya pekee ya kukumbuka hilo. Mwaka 1868 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo, na baadaye wakaanzisha pale kijiji cha watumwa waliokombolewa. Baadhi ya Wakristo wa kwanza wa nchi yetu walikuwa watu wa namna hiyo hiyo, watu ambao mjini waliitwa wajinga. Imani tuliyo nayo imepitia mikononi mwao.

Basi, katika maana hiyo ya zamani, ujinga ni hali ya mtu kuwa mahali ambapo hajaambiwa mambo. Ni hali inayoweza kumpata yeyote, na inayokwisha. Ndiyo maana wahenga walitofautisha mjinga na mpumbavu. Mjinga hajui, akielezwa, atajua. Mpumbavu ameelezwa akakataa. Siku hizi tumeyachanganya maneno haya mawili, na anayeumia ni yule ambaye hakuwahi kuelezwa.

ADUI ALIYETAJWA NA MWALIMU

Wazee mliopo hapa mnakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere alitaja maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Naomba tuliangalie jambo hili kwa makini. Mwalimu alisema adui ni ujinga. Hakusema adui ni mjinga, kama ambavyo hakusema adui ni mgonjwa au maskini. Mgonjwa ndiye tunayempigania dhidi ya maradhi, na mjinga ndiye tunayempigania dhidi ya ujinga.

Kwa msingi huo mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Bibi na babu zetu wakaenda kwenye kisomo chini ya miembe na kwenye makanisa yetu, wakiwa na daftari na kipande cha penseli. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo vikundi vilikaa kuzunguka redio kusikiliza habari za vyoo, maji safi na malaria. Mtu mzima alikubali kukaa darasani mbele ya mwalimu ambaye ni rika la mjukuu wake. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu kutojua hakukuhesabiwa kuwa aibu. Aibu ingalikuwepo, madarasa yale yangalikuwa matupu.

Hata hivyo, hata wakati ule kicheko hakikukosekana. Neno ngumbaru, tulilowaita wanakisomo, lilianza kutumika mitaani kama dhihaka. Mnaona jinsi neno linavyoweza kugeuka. Leo linamtaja mwanafunzi, kesho linamfukuza darasani.

TUNAYEMCHEKA NA TUNAYEMSIFU

Tusikilize sasa maneno ya mtaani. Mtu aliyetapeliwa tunasema "ameingizwa mjini". Tunasema "ameingia mkenge", "amelizwa", "ameuziwa mbuzi kwenye gunia". Tunamwita zuzu, bwege, mshamba, juha, boya. Orodha ni ndefu. Angalieni huo msemo wa kuingizwa mjini: ni yule yule mgeni wa karne ya 19, aliyefika mahali pasipo pake na kuchekwa.

Na aliyemtapeli tunamwitaje? Hapa ndipo penye tatizo. Tunamwita mjanja. Tunamwita mtoto wa mjini. Tunasema "yule bwana ana akili sana". Kiswahili kina neno mwizi, tena ni neno fupi na rahisi kutamka, lakini kwa mtu huyu hatulitumii. Kijana anayetusikiliza amekwisha kujifunza kwamba kati ya watu wawili hao, mmoja ni wa kuchekwa na mwingine ni wa kuigwa.

Methali yetu maarufu inasema, wajinga ndio waliwao. Tumeizoea hata tunaitoa kama hukumu, kana kwamba kuliwa ni haki ya mjinga. Lakini methali inaeleza jinsi mambo yalivyo. Haisemi kwamba ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Na wahenga hao hao walituachia nyingine: mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Hiyo ya pili ndiyo ningependa iandikwe kwenye kuta za ofisi zetu za parokia.

MAANDIKO YANASEMAJE

Katika kitabu cha Mithali, sura ya 14 aya ya 15, tunaonywa kwamba mjinga hupokea kila analoambiwa, lakini mwenye busara hutazama kwanza anapoweka mguu. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni peti. Walimu wa Maandiko wanalihusisha na kitendo cha kufungua. Peti ni mtu aliye wazi, kama nyumba isiyo na mlango: kila kinachotaka kuingia huingia.

Neno hilo hilo limo katika Zaburi ya 116, aya ya 6. Huko hakuna lawama. Mzaburi anasema kwamba Mungu ndiye mlinzi wa watu wa namna hiyo. Watafsiri wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 hawakutumia neno mjinga katika zaburi hii. Walieleza kwamba ni watu wasiokuwa na hila. Kwa hiyo mtu mmoja anatazamwa pande mbili. Katika Mithali anaonywa ajifunze kuangalia. Katika Zaburi anawekwa chini ya ulinzi wa Mungu. Katika aya hizo mbili hachekwi.

Yesu naye aliunganisha pande hizo mbili alipowatuma wanafunzi wake wawe na busara ya nyoka na upole wa njiwa kwa pamoja. Moyo ulio wazi ni zawadi. Kinachotakiwa ni kuuwekea mlango, si kuujengea ukuta.

JE, WANAOLIWA NI WAJINGA?

Tuje kwenye matukio yenyewe. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilisimamisha shughuli za DECI. Wengi mnaikumbuka. Waliokuwa viongozi wake walikuwa wachungaji, na lugha iliyotumika ilikuwa ya kanisani: mwanachama "alipanda mbegu" na kusubiri siku ya "kuvuna". Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi hao kwa kuendesha upatu haramu. Kwa jirani zetu wa Kenya, mipango ya namna hiyo ilienea sana miaka ya 2006 na 2007, na kikosi kazi cha serikali kilichochunguza kilikuta kwamba wananchi walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya.

Waliopoteza hawakuwa watu wasiojua kusoma. Walikuwemo walimu, wauguzi, wastaafu na wafanyabiashara. Na wageni wetu wafadhili wasidhani kwamba haya ni ya Afrika peke yake. Nchini Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, kulikuwa na taasisi iliyoitwa Foundation for New Era Philanthropy. Iliyaambia mashirika ya Kikristo, vyuo na misioni: wekeni fedha zenu kwetu, na baada ya miezi michache wafadhili wasiotaka kutajwa majina watazifanya ziwe maradufu. Wafadhili hao hawakuwepo. Fedha za aliyeingia leo ndizo zilizomlipa aliyeingia jana. Mwaka 1995 taasisi ikaanguka, na mwaka 1997 mwanzilishi wake akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Walioibiwa pale walikuwa na wahasibu, wanasheria na bodi za wakurugenzi.

Kwa nini watu wenye akili zao huingia? Naona sababu tatu.

Kwanza, mwanzoni fedha hulipwa kweli. Mwalimu anaona mwalimu mwenzake amevuna. Ameona kwa macho yake, hakusimuliwa. Asichokiona ni hesabu iliyo nyuma. Tuchukue mpango ambao kila anayeingia anatakiwa kuleta watu 6. Safu ya kwanza ni watu 6, ya pili 36, ya tatu 216, ya nne 1,296, ya tano 7,776. Tukiendelea hivyo, safu ya kumi peke yake inahitaji watu 60,466,176. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania wote kuwa 61,741,120, pamoja na watoto wachanga. Mpango wa aina hiyo lazima ukatike, na popote utakapokatika, safu ya mwisho ndiyo yenye watu wengi kuliko zote: karibu watano katika kila sita. Hao hawakuzidiwa akili na waliotangulia. Walichelewa kuambiwa.

Pili, mwaliko huja kwa njia ya mtu tunayemwamini. Tapeli mwenyewe hatumjui. Tunamjua shemeji, mwanakwaya, kiongozi wa jumuiya. Kwa miaka mingi akina mama wetu wamechezeana upatu kwa uaminifu: watu kumi, kila mmoja anatoa kiasi kile kile, kila wiki anapokea mmoja, mpaka mzunguko unakamilika. Hakuna faida ya ajabu wala mtu wa kuletwa. Leo neno hilo jema la upatu linasomwa magazetini kama jina la wizi. Matapeli wameiba fedha, na juu ya fedha wameiba neno.

Tatu, tapeli humkuta mtu akiwa katika kutenda jambo jema. Mfano ni ule ujumbe wa simu ambao sote tumeupokea: ile hela itume kwenye namba hii. Tunaucheka. Lakini unatumwa kwa maelfu ya watu kwa mara moja. Wengi wanaufuta. Anayenaswa ni yule ambaye saa hiyo hiyo kweli alikuwa ametakiwa kutuma fedha: ada ya mtoto, deni la duka, mchango wa msiba. Amenaswa kwa sababu alikuwa akitimiza ahadi yake.

GHARAMA YA KICHEKO

Sasa nieleze kwa nini jambo hili ni la kamati za maendeleo, na si la walimu wa Kiswahili peke yao.

Katika kigango kimoja tunachofanya kazi, mama mmoja mjane aliuza ng'ombe wawili. Fedha hizo, pamoja na akiba ya kikundi chake aliyokabidhiwa aipeleke benki, alimpa kijana aliyejitambulisha kuwa wakala wa mradi wa kuku. Kijana alikuwa na fomu, mhuri na barua yenye kichwa cha kampuni. Aliahidi vifaranga, chakula cha kuku na soko. Baada ya wiki tatu simu yake haikupatikana.

Mama huyo hakumwambia mtu. Aliacha kuhudhuria jumuiya, kisha akaacha kuja Misa. Wanakikundi walidhani anaumwa. Ilipita miezi saba kabla ukweli haujajulikana, na ulijulikana kwa sababu mwanakikundi mmoja alihitaji fedha zake za matibabu. Tulipomwuliza mama kwa nini hakusema mapema, jibu lake lilikuwa fupi: "Wangeniita mjinga."

Katika miezi hiyo saba kijana yule alipita kwenye vigango vingine viwili vya parokia hiyo hiyo, akiwa na fomu zile zile na mhuri ule ule. Familia kumi na moja nyingine zilimpa fedha. Kama mama angalisema wiki ile ya tatu, tangazo moja baada ya Misa ya Jumapili lingalitosha kuzinusuru. Hivyo basi, zile familia kumi na moja hazikuibiwa na kijana yule peke yake. Sisi sote tulimsaidia, kwa kicheko ambacho mama alijua kinamsubiri.

Huo ndio uzito wa neno hili, ndugu zangu. Aliyeibiwa ng'ombe hupiga yowe, na yowe lake linawaamsha wengine. Aliyeitwa mjinga hunyamaza.

KUAMINI PAMOJA NA KUULIZA

Kuna watakaosema: basi dawa ni kutomwamini mtu. Sikubaliani nao. Bila kuaminiana hakuna jumuiya, hakuna kikundi cha kuweka na kukopa, hakuna mchango wa msiba, na wafadhili wetu hapa wasingetuma hata senti moja. Tunachotakiwa ni kuaminiana huku tukiulizana.

Vikundi vyetu vya VICOBA vinatufundisha. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Je, kufuli tatu zina maana kwamba mweka hazina ni mwizi? La. Zinamlinda yeye kwanza, ili fedha zikipungua asishukiwe peke yake. Hakuna mweka hazina mwaminifu aliyewahi kuzikasirikia kufuli.

Tuna mfano pia katika Matendo ya Mitume, sura ya 17. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa moyo wa furaha, kisha kila siku wakawa wanachunguza Maandiko waone kama aliyoyasema ni kweli. Walimhakiki Mtume Paulo, na Maandiko yanawasifu kwa hilo. Kama Paulo alihakikiwa, wakala wa mradi wa kuku ni nani asihakikiwe? Na sisi wa idara ya maendeleo ni nani?

Kwa mantiki hiyo, naleta kwenu mapendekezo matano.

1. Katika vikao vyetu tusimwite mjinga mtu aliyetapeliwa. Tuseme ameibiwa, na aliyemwibia tumwite mwizi. Mwenyekiti wa kikao alisimamie jambo hili kama anavyosimamia utaratibu mwingine.

2. Kila kamati ichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, ambao mwamini anaweza kuwaeleza siku hiyo hiyo kwamba ameibiwa, bila habari kutangazwa kwa jina lake. Kazi yao ni kumsindikiza polisi, na kwa mtandao wa simu kama fedha zilitumwa kwa simu. Kisha waombe tahadhari itolewe vigangoni. Fedha iliyotumwa kwa simu inaweza kuzuiwa ikiwa taarifa imetolewa mapema kabla haijatolewa na mwizi, kwa hiyo saa moja ina thamani kubwa.

3. Mpango wowote wa kuwekeza fedha usitangazwe kanisani wala kwenye jumuiya kabla kamati haijaupitia. Sauti inayotoka mbele ya altare hubeba uzito ambao tapeli hawezi kuununua mahali pengine.

4. Tufundishane maswali manne. Faida hii inatokana na kuuza nini, na kwa nani? Nikileta mtu mpya nalipwa, na nisipomleta je? Ni mamlaka gani imeruhusu kupokea fedha za watu? Kwa nini ninaharakishwa? Kwa swali la tatu, tujue kwamba cheti cha BRELA kinaonyesha tu kuwa kampuni ipo. Hakiiruhusu kupokea amana za wananchi. Ruhusa hiyo iko chini ya Benki Kuu. Aidha, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hata vikundi vyetu vya kijamii vinatakiwa kusajiliwa. Kikundi ambacho hakijasajiliwa kianze sasa.

5. Mahesabu ya parokia na ya miradi yasomwe kwa Kiswahili cha kawaida mbele ya waamini, na muda wa maswali utengwe. Mwamini aliyezoea kumwuliza paroko wake na mratibu wa mradi kuhusu saruji hataogopa kumwuliza mgeni mwenye mhuri. Aliyezoeshwa kunyamaza mbele yetu atanyamaza mbele ya tapeli pia.

Kwa wafadhili wetu nina ombi moja. Mnapotutembelea, msiulize maswali yenu ofisini tu. Yaulizeni mbele ya wanakikundi, na wapeni nao nafasi ya kuwauliza ninyi: fedha hizi zimetoka kwa nani, mmetuchagua kwa sababu gani, mtaondoka lini. Mtakuwa mmewafundisha kwamba kuuliza si dharau. Wahenga wetu walikwisha kusema, kuuliza si ujinga.

Mtaniuliza, yule mama yuko wapi sasa? Wanakikundi walikaa naye siku mbili. Hawakumfuta. Walipanga arudishe akiba ya kikundi kidogo kidogo kwa misimu mitatu ya mavuno, na wakampa kazi ya kusimulia yaliyompata kwenye kila kikundi kipya kinachoanzishwa parokiani. Ng'ombe wake hawajarudi. Lakini mwaka uliofuata mgeni mwingine alipokuja na fomu za mradi wa alizeti, mtu wa kwanza kunyoosha mkono na kuuliza faida inatoka wapi alikuwa yeye. Mgeni aliaga kabla chai haijaletwa.



Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Ni maneno gani tunayatumia kwa mtu aliyetapeliwa? Na kwa aliyemtapeli?
2. Je, kuna mtu katika jumuiya yetu aliyeacha kuja baada ya kupoteza fedha? Nani atamtembelea wiki hii?
3. Mara ya mwisho mahesabu ya kigango chetu yalisomwa lini, na ni nani aliyeuliza swali?
4. Kikundi chetu kimesajiliwa? Funguo za sanduku zinashikwa na nani?